Jinsi Mama Mkwe Alivyomsindikiza Mtu Italia

Wapendwa, kwanza kabisa, hakuna aliyekamatwa. Naanza na hilo kwa sababu tangu turudi nimeisikia safari yetu ikisimuliwa kwa namna tatu, na hata moja si ya kweli. Watu wa mtaa wa Spånga wanasema tulizuiwa na polisi. Vårby gård wanasema Mama mkwe alipotea mpaka akapatikana kwa masista. Hapa Hallunda kwenyewe, dada mmoja wa kwaya alinishika mkono nje ya kanisa akaniambia, "Pole sana, mpenzi, Mungu akupe nguvu," nami nikaipokea ile pole bila kujua ni ya nini. Nimechoka kusimulia kwa simu. Naandika mara moja, msome wote, mnipe nafasi nipike.

Kwa msiotufahamu vizuri: mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa basi hapa Stockholm, na anaiamini ratiba kuliko anavyoniamini mimi. Binti yetu Neema ana miaka kumi na miwili, anaelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiswidi. Mama mkwe alikuja kutoka Kigoma mwezi wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imejificha kwenye vivuli. Baba mkwe alifariki mwaka juzi, na Baba Neema anataka mama yake abaki kwetu moja kwa moja. Alimwomba hivyo mezani, mbele yangu. Mama akafuta mdomo, akasema, "Nitakujibu kabla sijamaliza muda wangu wa kukaa huku."

Tangu siku ile nyumba nzima ikawa inangoja jibu. Mimi nilikuwa nangoja bila kujua nataka jibu gani. Asubuhi nikikuta amepanga masufuria yangu upya nilitamani aondoke kesho yake. Jioni nikimsikia anamfundisha Neema kusuka nilitamani asiondoke kamwe. Nilikuwa hivyo miezi miwili, sijielewi.

Jikoni, Hallunda

Wazo la Italia lilikuwa la Baba Neema. Alimwona mama yake anashinda dirishani, ghorofa ya sita, akiangalia maegesho ya magari, akaamua kwamba dawa ni bahari. Mambo ya tiketi nayaruka, maana yalikula jioni nyingi na amani ya nyumba. Itoshe kusema kwamba tungeruka hadi Milano, tulale, halafu asubuhi tupande treni kwenda miji ya pwani na kurudi jioni. Baba Neema alichora ramani kwa kalamu nyekundu: Camogli, Santa Margherita, Sestri Levante, Monterosso, Vernazza. Miji mitano kwa siku moja, kila mmoja na dakika zake.

Mama alisikiliza yote huku anachambua mchele. Kisha akauliza, "Huko tunakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, Mama. Tunakwenda kuona bahari."

"Kuna mtu anaumwa?"

"Hapana, Mama. Ni matembezi tu."

"Maji si nimeyaacha Kigoma?"

Neema akacheka. "Man bara åker dit, farmor," akamwambia bibi yake, yaani watu huenda tu, basi. Mama akanigeukia mimi. "Mama Neema, nieleweshe wewe. Watu wanne wanapanda ndege, wanapanda treni, wanakwenda mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayewangoja?"

Miaka yote niliyokaa huku nimekwenda mahali pengi ambapo hakuna anayeningoja, na sikuwahi kuulizwa ni kwa nini.

Mama alilimaliza jambo mwenyewe. Aliamua kwamba mwenyeji yupo, ila sisi hatujamjua bado. Akakaanga kuku, akapika maandazi, akachemsha mayai, na chini kabisa ya kikapu akalaza doti ya kanga mpya. "Hatuwezi kufika mikono mitupu," alisema. Baba Neema alitaka kubisha, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Hallunda hadi Milano

Kwenye treni ya chini ya ardhi Mama aliwasalimia watu kama kawaida yake. Kijana mmoja alitoa vile visikilizio masikioni, akageuka nyuma kutazama anayesalimiwa ni nani. Uwanja wa ndege kikapu kilipita kwenye mashine, na mlinzi akamwita mwenzake waje waone kuku mzima kwenye skrini. Mama alidhani wana njaa. Aliwakaribisha kwa mkono, na nusura tuikose ndege kwa sababu ya kuwaeleza kwamba hatuwahongi.

Milano tulipokewa na joto na mbu. Mama alisimama dirishani mwa hoteli akaangalia giza linaingia, akafurahi kweli kweli. "Angalau jua la huku linajua kuzama," alisema, kwa sababu kiangazi cha Stockholm kilikuwa kimemvuruga, hajui lini alale na lini asali rozari ya jioni. Alichomeka simu yake kwenye chaji karibu na kitanda. Hiyo simu ndiyo iliyobaki pale pale asubuhi tulipotoka.

Milano hadi Sestri Levante

Kituo cha treni cha Milano kina dari ya juu kupita kanisa lolote nililowahi kuingia, na ubao mkubwa wenye majina ya miji na namba. Baba Neema aliusoma haraka haraka, kama mtu wa kazi hiyo. "Jukwaa la kumi," akatangaza. Tukaenda la kumi, hakuna treni. Akarudi kutazama. "Wamebadilisha, ni la kumi na tano." Tukabeba kikapu hadi la kumi na tano. Halafu la ishirini. Kila tukifika namba inapanda. Mama alitufuata, nami nilimsikia akihema. Ubao ulipoandika thelathini na tano, na majukwaa yenyewe yamekwisha, tukabaki tumesimama mbele ya ukuta.

Neema ndiye aliyeng'amua kwamba zile zilikuwa dakika za kuchelewa. Treni yetu ilikuwa wala haijafika. Baba Neema aliitazama saa yake, akaitazama ramani, na nadhani mji wa Camogli ulifia pale pale.

Tulipopanda hatimaye tulipata chumba cha abiria sita, viti vinatazamana. Sisi wanne, bwana mmoja aliyevaa tai, na bibi mmoja wa Kiitaliano mwenye nywele nyeupe na mifuko miwili, mmoja umefungwa kwa kamba. Haikupita saa moja treni ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza jambo. Waitaliano wote wakashusha pumzi, hakuna aliyetueleza. Nje kulikuwa na majani mabichi yaliyosimama ndani ya maji, hadi upeo wa macho.

"Mpunga!" Mama akasema. Akasimama, akaweka viganja kwenye kioo. "Daudi, mbona hukuniambia Wazungu wanalima mpunga?" akamwuliza mwanawe. Baba Neema hakuwa na habari. Sote hatukuwa na habari.

Mpunga ule ulimfungua moyo. Akaketi, akafungua kikapu, akasema kwa chumba kizima, "Karibuni!" Bwana wa tai akainua kiganja kukataa. Mama anajua kwamba mtu mwenye adabu hukataa mara ya kwanza, kwa hiyo akamkaribisha tena, na tena, akimsogezea paja la kuku karibu na tai, mpaka bwana yule akatoka akaenda kusimama kwenye ujia. Hakurudi.

Yule bibi alichukua andazi. Akaligeuza, akaliuma, akafumba macho. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa mkate bapa uliolowa mafuta na kunyunyiziwa chumvi, akaumega, akampa Mama kipande kikubwa kuliko vyetu sote. Akajigusa kifua: "Pina."

Kuanzia hapo sijui walizungumza lugha gani. Mama alisema Kiswahili, Pina akasema Kiitaliano, na kila mmoja alimjibu mwenzake bila kusita. Kuna mahali walicheka. Kuna mahali wote wawili walifuta machozi.

"Wanaongea nini?" Baba Neema akaninong'oneza.

"Sijui."

"Mbona wanalia?"

"Nimekwambia sijui!"

Bahari ilipotokea baada ya Genova, ya bluu, inaonekana na kupotea kila treni ilipopita kwenye mashimo yaliyotobolewa milimani, wao wawili wala hawakuiangalia.

Sestri Levante, jukwaani

Miji miwili ya kwanza tuliipita dirishani kwa sababu muda wake ulikuwa umeshaliwa. Tukashuka Sestri Levante. Pina naye akashuka, maana alipaswa kubadilisha, apande kitreni kile kinachosimama kila kijiji. Baba Neema na Neema walikwenda kutafuta maji na aiskrimu. Mimi nikabaki na kikapu.

Mama aliingiza mkono ndani ya kikapu, akatoa ile kanga. "Si unaona? Mwenyeji wetu ndiye huyu," akaniambia, na akamfunika Pina mabegani. Kisha akaunyanyua ule mfuko wa kamba. "Namsindikiza kidogo."

Sasa hapa ndipo mnaponilaumu kwenye simu. Lakini niambieni ukweli, nyinyi mngemzuia? Mtu amekula nanyi, ni mzee, ana mzigo, anaondoka. Mama asingemsindikiza ningeona aibu mimi. Nikawaona wanashuka ngazi za chini ya reli, wanatokea jukwaa la pili. Treni ikaja. Pina akapanda, na Mama akapanda nyuma yake na mfuko. Kupitia dirishani nikamwona Mama anaketi. Nikasema moyoni, anamuaga vizuri, kwa kukaa, si kama huku ambapo watu huagana wameshika kitasa.

Milango ikafungwa. Treni ikaingia kwenye shimo la mlima, ambalo liko karibu sana na kituo. Mama alikuwa bado anaongea. Hakunitazama hata.

Baba Neema akatokea na aiskrimu nne. "Mama yuko wapi?"

"Amemsindikiza mgeni."

"Mgeni gani? Wageni si ndio sisi?"

"Amemsindikiza hadi ndani ya treni."

"Treni gani?"

Nikamwonyesha lile shimo.

Sestri Levante, bado

Kwenye dirisha la kituo kulikuwa na bwana aliyejua Kiingereza kidogo, kama sisi.

"Mama yenu alipanda treni kwa makosa?" akauliza.

"Hapana, kwa kutaka."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuwa anakwenda popote."

"Basi kwa nini alipanda?"

"Alikuwa anaaga."

Akaandika kitu, akakifuta. "Huyo bibi mwingine ni ndugu yenu?"

"Hapana. Wamekutana leo."

"Wanaelewana kwa lugha gani?"

Bwana yule akainuka, akamwita mwenzake mwenye masharubu, akamsimulia yote kwa mikono. Mwenye masharubu akatusikitikia, kisha akatuuliza yale yale tangu mwanzo. Kila nilivyojaribu kueleza ndivyo Mama alivyozidi kuonekana amerukwa na akili, na mimi pia. Mwishowe walipiga simu mbele huko, wakatuambia vituo vingine havina mtu, na kwamba tungoje.

Baba Neema hakutaka kungoja. Alitaka kuifuata ile treni, lakini kijiji gani? Hatukujua Pina anashukia wapi. Hata hivyo akaenda kusimama jukwaa la pili kungoja treni inayofuata, nayo ilichelewa zaidi ya saa mbili. Nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa kando ya nguzo, aiskrimu iliyoyeyuka imemkaukia hadi kiwiko, uso wake umekuwa wa mtoto aliyeachwa sokoni.

"Nimemtoa mwenyewe," akasema. "Kule alikuwa salama. Nimemtoa nimlete huku apotee."

"Mama si mtoto, Baba Neema."

"Hajui hata neno moja la hawa watu!"

Neema akanikumbatia kiunoni, akawa analia. "Farmor har ingen telefon," alirudia, bibi hana simu, bibi hana simu. Niliogopa jamani. Nikamwomba Mungu anirudishie yule mama, hata kama atayapanga masufuria yangu kila siku ya maisha yangu.

Hapo ndipo kitreni kikatokea shimoni, upande wa pili wa reli. Akashuka Pina, kanga mabegani. Nyuma yake akashuka Mama, amekumbatia chungu cha mrehani.

"Mama! Usisogee!" Baba Neema akapiga kelele ng'ambo ya reli, kituo kizima kikageuka. "Kaa hapo hapo! Usisogee!"

Mama akainua mkono taratibu, kama mtu anayeitikia salamu. Tulipomfikia tunatweta, akatutazama mmoja mmoja. "Mbona mnahema hivyo?"

"Mama, ulipotea!"

"Nani? Mimi nilikuwa kwa Pina. Nyinyi ndio sikujua mko wapi."

Ikaeleweka kwamba alikwenda hadi nyumbani kwa Pina, akala, na Pina alipomaliza kumlisha akamsindikiza kurudi, kwa sababu naye ni mtu mwenye adabu. Basi tukavuka wote hadi jukwaa la pili, na treni ya Pina ya kurudi kwake ikaja. Na Mama, naapa, akamshika mwenzake mkono amsindikize tena. Tulimrukia sote watatu. Hata yule bwana wa dirishani alitoka mbio.

Pina akapanda peke yake, akashusha kioo, akaita kwa sauti ya kujaza kituo, "Anastazia! Anastazia!"

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo Mwitaliano anayeitwa. Sikumwona. Nilipogeuka tena, Mama alikuwa anapunga mikono yote miwili na kuitikia, "Haya, Pina! Haya!" mpaka treni ikamezwa na mlima. Nalijua jina la Mama mkwe. Padri alilisoma siku ya ndoa yetu. Lakini mila zetu haziniruhusu kulitamka, na tangu afike Ulaya sikuwahi kulisikia likiitwa na mtu.

Monterosso na Vernazza hatukuziona, msituulize. Tulishuka ufukweni pale pale Sestri. Mama akavua viatu, akaingiza miguu majini, akaonja kwa kidole. "Yana chumvi," akasema. "Haya, nimeyaona."

Kurudi Milano

Jua lilikuwa bado juu ya mpunga tulipopita tena. Mama alitusimulia kijiji cha Pina, ambacho ni ngazi tupu kutoka kituoni hadi kanisani. Kila dirisha walilopita kichwa kilitoka na kuita, "Pina!" Pina akasimama kila mahali, akamtaja mgeni wake, na kile kichwa kikaita, "Anastazia!" Alilishwa dagaa waliotiwa chumvi kupita kiasi, juu ya mkate. Alionyeshwa picha za watoto wa Pina, wote wako nchi za mbali. Pina anaishi peke yake.

"Daudi," Mama akasema. Baba Neema akaiweka ramani chini. "Lile jibu lako. Nitarudi Kigoma."

"Mama, kule uko peke yako."

"Pina naye yuko peke yake. Mimi kule nikifungua mlango, kabla sijafika bombani mtaa mzima umeniita jina langu. Kwenu nimekaa tangu mwezi wa nne. Nani aliyeniita?"

Nikamwona Baba Neema anatafuta. Yeye humwita Mama. Mimi humwita Mama. Neema humwita farmor. Nyinyi kanisani mnamwita bibi, au mkwe wa Mama Neema. Jirani kwenye lifti husema "hej", ile salamu yao, akitazama namba za ghorofa. Tulitafuta wote wawili, treni inakwenda, hatukupata mtu.

"Hamjanikosea," Mama akasema. "Mnaniheshimu sana. Mimi nimechoka kuheshimiwa tu."

Nilikuwa nimedhani siku jibu likija, likiwa hilo, nitapumua. Badala yake nikasema mbele ya mume wangu na abiria nisiowajua, "Mama, kaa." Sikujua kwamba nitalisema. Akanipigapiga goti. "Nimesikia, mwanangu. Nimefurahi umelisema." Lakini jibu halikubadilika. Akatoa yai la mwisho, akalimenya, akampa Baba Neema, naye akalila huku machozi yanamtoka, hakujaribu hata kuyaficha.

Mama anaondoka Jumamosi hii, uwanja wa ndege wa Arlanda, ndege ya mchana. Mimi siwezi kulitamka lile jina, na mwanawe hawezi. Lakini katika nyinyi mnaosoma wapo wa rika lake, mama wa Vårby gård, shangazi wa Spånga, na wale bibi wawili wa Burundi anaokaa nao benchi moja kanisani. Njooni. Sisi wa kusindikiza huzuiwa pale kabla ya ukaguzi, msafiri akaendelea peke yake. Akishavuka, akageuka kutupungia, mwiteni Anastazia. Mwiteni kwa sauti, uwanja mzima usikie. Mimi nitakuwa nimesimama katikati yenu, nimenyamaza.